Mkono wa Kushoto na Mabehewa ya Shituru

Vijana wa uwanja wa Shituru, nyinyi mnaonijia kila alasiri na viatu mlivyoazimana, mna malalamiko juu yangu, nami nimeyasikia. Mnasema nawafundisha makipa kurusha kuliko kudaka. Mnasema nawaamuru mtupe mpira juu ya mabehewa yaliyooza kwenye reli ya pembeni, kana kwamba mechi huchezwa katikati ya treni. Mnasema pia, na hili ndilo linalowachekesha, kwamba sijui kufunga mazoezi. Makocha wengine hupuliza firimbi, wachezaji wakapiga makofi, wakaenda zao. Mimi huokota mipira kimya na kusogea kando ya mabehewa, nanyi mnabaki mmesimama, hamjui kama kazi imekwisha.

Nitawajibu. Lakini mimi ni mtu wa vitabu kama nilivyo mtu wa mpira, na naamini jibu lisiloambatana na sababu zake huwa amri tu. Sababu zangu zinaanzia kwa Papa Mbuyi, mzee aliyenifundisha kazi ya ugolikipa, na zinaishia katika kituo cha treni cha mji wetu huu wa Likasi, mahali nilipojaribu kumfikishia dawa ya mjukuu wake kwa mkono huu wa kushoto mnaoucheka.

Nilizaliwa na mkono wa kushoto wenye akili na wa kulia wenye adabu tu. Bibi yangu alinifunga ule wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula, nisije nikawatia wageni aibu kwa kumega bukari, ugali wetu, kwa mkono usiostahili. Mwalimu wangu wa kwanza alitumia rula. Kwa hiyo nilipofika kwenye timu ya kiwanda cha shaba, kijana mwembamba wa miguu mirefu, nilikuwa nimejifunza kuuficha mkono ule kama mtu anavyoficha kiraka cha suruali. Papa Mbuyi, aliyekuwa msimamizi wa tanuri asubuhi na mwalimu wa makipa jioni, alinitupia mpira. Nikaudaka, nikaurudisha kwa mkono wa kulia, kwa adabu.

“Weye ni gauche?” aliniuliza.

Nikakana.

“Usinidanganye, mutoto. Macho yako inaenda kushoto mbele ya mpira. Tupa na ule Mungu alikupa.”

Nikautupa. Mpira ulivuka nusu ya uwanja na kuangukia kwenye bustani ya mihogo ya mama mmoja, ambaye alituletea matusi ya lugha tatu. Papa Mbuyi alimwomba radhi kwa zote tatu. Tangu siku hiyo nikaitwa Goshi, yaani kushoto kwa Kifaransa chetu cha mitaani, na sijui kama mjini hapa wamebaki watu wanaolifahamu jina langu la ubatizo.

Katika karatasi za kiwanda niliandikwa kuwa mtunza ghala. Ukweli ni kwamba nililishwa, nikapewa nyumba na kutibiwa ili nisimame kati ya milingoti miwili. King'ora cha mchana kilipolia, wenzangu waliendelea kuhesabu boliti, nami niliondoka na begi langu. Msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Mtunza ghala akikosea, boliti inakosekana. Mimi nilipokosea, watu wa tanuri, wa reli na wa maabara walilala na hasira, na asubuhi nilipita katikati yao kwenda kazini.

Sasa sikilizeni ufundi wenyewe, maana wengi wenu mnarusha kama mnaofukuza kuku. Sisi wa kushoto tunatanguliza mguu wa kulia. Bega la kulia limwelekee yule unayemrushia, na kiwiko cha kushoto kisishuke chini ya sikio. Usiukaze mpira, uache ukae kwenye vidole kama yai, ukaze mkono unapouachia tu. Washambuliaji wanaporudi nyuma humsoma kipa kwa bega lake, na wamezoea makipa wa kulia. Mimi nilikuwa kitabu kilichofunguliwa kutoka nyuma. Walipogundua ukurasa, winga wetu alikuwa ameshafika kwenye kona.

Hata hivyo, nguvu nilizaliwa nazo. Shabaha nilipewa na Papa Mbuyi, na alinipa kwa mabehewa. Reli ya pembeni, hiyohiyo mnayoikalia mkila karanga, ilileta mawe ya shaba kiwandani, na daima palikuwa na msururu wa mabehewa ukisubiri zamu. Aliniweka upande mmoja, yeye akazunguka hadi wa pili, nisimwone. Kisha aligonga behewa kwa kipande cha chuma ili nijue amesimama wapi, nami nikarusha mpira juu ya mabehewa kuifuata ile sauti. Pigo moja la kujibu lilikuwa na maana kwamba ameudaka. Mapigo mawili, umepotea, njoo uutafute mwenyewe. Miezi ya mwanzo nilitambaa chini ya mabehewa mpaka magoti yangu yakawa na rangi ya udongo wa hapa. Jua lilipoteremka na mpira wa mwisho kumfikia, alikigonga chuma mfululizo, haraka haraka, kama mtoto aliyeachiwa sufuria. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Hata mvua inyeshe, hakuna aliyethubutu kufungua kamba za viatu kabla ya kuusikia mfululizo ule.

Mpira ulio juu ya mabehewa ni mali ya upepo. Kwa hiyo alinifundisha kutazama bomba kubwa la moshi la kiwanda, lile wenyeji tunaloliita shimine, kabla ya kila mrusho. Moshi ukilala kuelekea mjini, sogeza shabaha hatua mbili upande wa pili. Ukipanda wima, rusha moja kwa moja. Hata kura ya kuchagua goli tuliicheza kwa moshi ule, maana uliwasha macho kama kitunguu, na wageni hawakujua. Tuliwaachia goli la upande wa moshi kwa ukarimu mkubwa, nao walitushukuru mpaka dakika ya kumi.

Nilifanya makosa mengi, na baadhi yake yanafaa kuchekwa. Tulidakia glavu za ngozi za watu wa tanuri, ngumu kama mbao. Siku moja nilizilainisha kwa grisi ya magurudumu ya treni, nikajiona mvumbuzi. Kwenye mechi, mshambuliaji alipiga mpira dhaifu ambao hata mtoto angeuzuia kwa daftari, nao ukapenya mikononi mwangu kama samaki mbichi wa ziwa Tshangalele. Papa Mbuyi hakunikaripia. Wakati wa mapumziko aliniletea ndoo na sabuni, akanifanya nizifue glavu zile mbele ya jukwaa zima. “Glavu iko kama ngozi ya muntu,” alisema. “Maji, sabuni, kivuli. Grisi ni ya treni.”

Safari nyingine, ugenini, nahodha wa wapinzani alidai kwamba nimeficha hirizi katika glavu ya kushoto, kwa sababu mrusho wangu haukuwa wa kibinadamu. Mwamuzi akaingiza vidole ndani mbele ya umati, akatoa karanga mbili za kukaanga. Akazitazama, akazinusa, akazila, akaamuru mchezo uendelee. Nilikuwa na desturi ya kuweka kitu humo, jambo ambalo baadaye halikuwa la kuchekesha.

Kisha ikaja miaka ambayo wazazi wenu huisimulia kwa vipande. Migodi ilianguka, maduka yakaporwa na wale waliopaswa kuyalinda, treni za mawe ya shaba zikawa adimu. King'ora kilianza kulia kwa siku za kubahatisha, kama mzee anayesahau. Ule moshi ulipungua, ukawa uzi, ukakatika. Mji uliolalamika miaka yote kwamba moshi unaua nyanya sasa uliona nyanya zikizaa kando ya kuta za kiwanda, na sikumwona mtu aliyefurahi.

Watu wenye njaa hutafuta maelezo, na palikuwa na wanasiasa waliokuwa na maelezo mafupi. Walisema njaa yetu imeletwa na watu wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali, kwamba wamejaa kwenye kazi zetu, kwamba warudi kwao. Wakawaita wadudu. Nawaomba mzingatie hilo, nyinyi mnaochezea maneno kwenye simu zenu: kabla nyumba ya jirani haijavunjwa, kwanza jirani mwenyewe huondolewa jina la mtu.

Baba yake Papa Mbuyi ndiye aliyetoka Kasai, zamani, kuja kutandika reli. Yeye mwenyewe alizaliwa Shituru, katika kambi ya wafanyakazi, na Kasai hakuwahi kuiona. Haikumsaidia. Katika chumba chetu cha kubadilishia nguo, beki wetu wa kati tuliyemwita Simenti, jitu lililonilinda misimu mingi kwa kifua chake, aliacha kumpa mzee mkono. Majira yaleyale sheria ya mpira ilikuwa imebadilika: beki hakuruhusiwa tena kumrudishia kipa mpira kwa mguu ili audake. Papa Mbuyi alitufundisha sheria ile kwa subira, akisema kwamba sasa kipa atakuwa peke yake zaidi. Simenti alisikiliza huku akitazama ukutani.

Wiki chache baadaye nyumba ya mzee ilichukuliwa. Alitoka na mjukuu wake Ngalula, msichana wa umri wa komunyo ya kwanza aliyekuwa akimlea tangu mama yake afariki, na masufuria yaliyoweza kubebeka. Wakaungana na umati kwenye kituo cha treni. Mliopo leo hamwezi kuupiga picha akilini umati ule: familia juu ya familia, chini ya mikeka na magunia, kati ya reli, wakingojea treni ambazo zilikuja zilipotaka.

Siku za kwanza niliruhusiwa kumwona. Aliniuliza kama nafanya mazoezi. Nilipoanza kusema mambo ya kufariji alinikatiza.

“Balisema nirudie kwetu. Kwetu ni wapi, Goshi? Kule nitafika mugeni, na hizi mvi.”

Kisha vijana wa chama cha wanasiasa wale wakafunga njia. Kilichobebwa kuingia, walikichukua. Masista wa parokia walipita kwa shida, na dawa zao zilikuwa zimekwisha. Ndipo mama mmoja aliyekuwa akiuza maji kwenye kituo alipokuja kwangu, akaniambia kwamba Ngalula ana malaria, hali chakula, na kwamba nyuma ya kituo wameshaanza kuwazika watoto.

Mke wangu alikuwa amehifadhi vidonge vya kwinini tangu siku zile hospitali ya kiwanda ilipokuwa bado na dawa. Tulivigawa mafungu mawili, kwa sababu mzee alinifundisha kutoweka tumaini lote katika mrusho mmoja. Kila fungu nililifunga kwenye nailoni, nikalisukuma ndani ya glavu yangu moja, nikakunja vidole vya glavu na kuvikaza kwa uzi. Yule mama wa maji nilimpa ujumbe mfupi: amwambie Papa Mbuyi kwamba kesho adhuhuri tuna mazoezi ya mabehewa. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa, lakini aliufikisha.

Nyuma ya kituo palikuwa na msururu wa mabehewa ya kubebea mawe ya shaba, marefu kuliko yale ya kwetu, nao ulikuwa ukuta kati ya umati na njia ya vichaka. Nilifika kwa njia hiyo jua likiwa utosini, nikachuchumaa. Nilisikia vilio vya watoto, kikohozi, mtu akiimba wimbo wa kanisa peke yake. Halafu nikasikia chuma kikigongwa, kushoto kwangu, mbali kidogo. Nilijua mkono ule.

Nikasimama. Mguu wa kulia mbele, bega, kiwiko. Na kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikainua macho kuitafuta shimine ya Shituru. Haikuwa na moshi. Mazoea yakaniambia hakuna upepo, nami nikarusha moja kwa moja. Glavu ilipanda vizuri, kisha juu ya mabehewa kitu kikaishika ubavuni, ikageuka kama jani, ikaangukia ndani ya behewa lenye kuta ndefu, mahali ambapo si mimi wala yeye angeweza kuifikia bila kuonwa.

Mapigo mawili.

Sijawahi kusikia chuma kizito kama kile. Kisha sauti yake ikaja, imekauka, lakini ni ileile ya uwanjani.

“Goshi. Unaangalia shimine?”

Ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

“Ile ilikufa, mwanangu. Angalia moshi ya bamama.”

Nikatazama. Juu ya mabehewa ilipanda mioshi miembamba ya mafiga, ya akina mama waliokuwa wakichemsha walichokuwa nacho kati ya reli, na yote ilikuwa imeinama kuelekea kulia kwangu. Ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Nilikuwa nimeishika glavu ya pili niliposikia nyayo. Simenti alitokea kwenye vichaka, kitambaa cha chama kichwani, rungu mkononi.

“Goshi. Unafanya nini apa?”

“Mazoezi.”

“Usinicheze. Iko nini mu ile glavu?”

“Kinini ya Ngalula.”

Alimfahamu. Tuliposhinda nyumbani alikuwa akimbeba mabegani kuzunguka uwanja, na mtoto alimshika masikio kama usukani.

“Balikataza,” alisema, kwa sauti ya chini. “Hata mayi balikataza.”

“Basi unikamate. Lakini kwanza niache nitupe.”

Aliyatazama mabehewa. Halafu akapita mbele yangu hatua chache, akanipa mgongo, akatanua miguu na kuielekea njia, vilevile alivyokuwa akisimama katika kila mechi nilipokuwa na mpira mkononi, ili asije mtu kunisumbua.

Wapo walioniambia kwamba hiyo ilikuwa huruma. Mimi sikubali kwa urahisi hivyo. Asubuhi ileile mgongo uleule uliwazuia wengine waliokuja na maji, na jioni ulirudi kuwazuia tena. Mtu akitenda wema kwa kugeuka tu asione, amelipa sehemu ndogo mno ya anachodaiwa na jirani yake. Hata hivyo alisimama pale, na ningedanganya kama ningeliacha nje.

Nilisogeza shabaha hatua mbili kushoto, nikairusha glavu dhidi ya mioshi ile. Ilipanda, ikainama, ikarudi katika njia yake, ikapotea nyuma ya mabehewa. Nikangoja. Nilifikiri juu ya mikono ya mzee, ambayo sikuwa nimeiona tangu njia ifungwe, na ambayo huenda ilikuwa imeishiwa nguvu kwa njaa.

Pigo moja.

Simenti hakugeuka. “Alidaka?”

“Alidaka.”

“Sasa enda.”

Sikwenda. Nilikuwa nangoja ule mfululizo wa chuma, ruhusa ya kwenda nyumbani. Miguu yangu ilikuwa imefundishwa hivyo, nayo haikujua kwamba tuko kituoni na si uwanjani. Upande wa pili nilisikia sauti za wanaume zikisogea, amri, sufuria ikipinduka, kisha kelele za kawaida za umati. Chuma hakikugongwa tena. Simenti alinishika mkono wa shati, akanivuta mpaka kwenye vichaka, akisema wataniona, na wakiniona wataniona pamoja naye.

Treni iliondoka siku chache baadaye. Nilisimama kwenye kivuko cha reli nikingoja ipite. Ilikuwa imejaa hadi juu ya mapaa, na nyuso zilikuwa nyingi mno, zimefunikwa kwa nguo kukinga vumbi. Sikumtambua mtu. Sijui kama nusu ya dawa ilimtosha mtoto. Baadaye niliwauliza watu wa reli, wakanionyesha kwa mikono tu urefu wa njia na wingi wa makaburi yaliyo kandokando yake. Nilicheza misimu mingine michache nikidaka kwa mikono mitupu, bila glavu, mbele ya jukwaa lililopungua, na Simenti akiwa mbele yangu. Hatukuizungumzia adhuhuri ile hata mara moja. Halafu timu ikafa pamoja na kiwanda, bila mtu kuitangaza.

Kwa hiyo msiponiona nikitazama juu kabla ya kurusha, bali nikitazama moto wa mama anayetuuzia mikate kando ya uwanja, mnajua jambo hilo nimelipata wapi. Na kuhusu firimbi, msiningojee. Mazoezi haya yalifunguliwa na Papa Mbuyi kwa kugonga chuma, na mwenye haki ya kuyafunga ni yeye. Mnapochoka, nendeni nyumbani; sitawakasirikia. Mimi hubaki kidogo kando ya mabehewa, mipira ikiwa begani, mpaka giza linapoingia.